Kengele Zilizoshuka Kimya

Mgeni aliusukuma mlango wa kituo cha polisi cha Sarvollaz kwa bega, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na sanduku na wa pili umebeba viatu vya mjini, kimoja kimevunjika kisigino. Alisimama juu ya vigae na soksi zilizolowa chepechepe. Koplo Maurin, aliyekuwa akikata soseji juu ya jalada la kesi ya zamani, hakuinuka.

"Ofisi ya watalii iko mkabala na kanisa, mama."

"Sikuja kutalii. Namtafuta Firmin Vuarand."

Maurin alicheka, kisu mkononi. "Basi mmepishana njiani. Firmin yuko Lyon kwa mwanamke wake. Kamwachia ndugu yake ng'ombe wote, kapanda basi. Mapenzi ya uzeeni hayo, hayana breki."

"Mwanamke wa Lyon ni mimi," mgeni alisema. "Na Firmin ni baba yangu."

Kisu kilitulia. Nyuma ya kioo, Sajini Noëlle Bétemps alikata simu aliyokuwa akizungumza, akatoka, akamvutia mgeni kiti karibu na hita.

Jina lake lilikuwa Agathe Tissot, muuguzi. Mama yake aliwahi kufanya kazi msimu mmoja katika hoteli ya mji huu, akaondoka na mimba ambayo Sarvollaz haikuijua. Firmin aliijua. Kila Jumapili alipanda hadi kwenye mwamba ulio juu ya malisho yao, mahali simu inaposhika mtandao, akampigia binti yake.

"Jumapili mbili hajapiga," Agathe alisema.

"Ndugu yake, Aimé, ametuambia Firmin alipanda basi la kuja kwako. Alhamisi ya wiki ile nyingine."

"Hakufika."

"Kwa nini hukuja mapema?"

"Nilikuja. Juzi Jumamosi. Alishanialika nione ng'ombe wakishuka kutoka mlimani. Alisema kengele za nyumba yao zinasikika hadi stesheni, nitamjua kwa kengele. Nikasimama pale kwenye chemchemi, mvua inanipiga. Makundi yakapita na maua na kelele zao, simwoni. Kundi la mwisho likapita kimya kabisa, nikadhani ni la watu fukara wasio na kengele." Aliinamisha uso. "Niliona haya kuuliza. Ningesema mimi ni nani? Nikarudi nyumbani kusubiri simu."

"Kimya?" Noëlle aliuliza.

"Kwato tu."

Jumamosi Noëlle alikuwa chini darajani, akizuia magari. Lakini alijua, kama kila mtu wa Sarvollaz, kwamba kundi la mwisho huwa ni la akina Vuarand. Malisho yao ndiyo ya juu kuliko yote.

Redio ya kaunta ilikuwa inasoma hali ya hewa. Theluji kuanzia alasiri. Maurin aliongeza sauti, akasikiliza, akapunguza.

"Ikianguka hiyo," alisema bila kumwangalia mgeni, "kule juu panafungwa mpaka Mei."

"Kama yuko huko..." Agathe alianza.

"Sijui kama yuko huko," Noëlle alisema.

"Lakini kama yuko. Sikuombi umpate mzima. Nafanya kazi wodini, najua siku zote hizi maana yake nini. Baba ameishi maisha yake yote kama mtu asiye na mtu. Naomba tu theluji isimkute peke yake."

Kazi hii ina kanuni moja kuhusu ahadi kwa familia: usitoe. Noëlle aliinama akakaza kamba za buti.

"Haitamkuta peke yake," alisema.

Nje, Maurin alimkamata mkono. "Umeahidi nini wewe?"

"Washa gari."

*

Mji mzima ulijua adui ya Firmin ni nani. Bwana Lacombe alikuwa wakala wa kampuni iliyotaka kupitisha viti vya waya juu ya malisho ya Vuarand, ili watelezaji wa theluji wapande huko wakati wa baridi. Mapema Agosti, ndani ya baa, mbele ya nusu ya wafanyakazi wa karakana za skrubu, Firmin alimkaba shati.

Walimkuta ofisini kwake, juu ya karakana ya kukereza vyuma. Sakafu ilitetemeka kwa mashine za chini na hewa ilinuka mafuta. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kiti, umefungwa plasta kutoka kidole hadi paja.

"Tangu lini hiyo?" Noëlle aliuliza.

"Katikati ya Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Nauza milima, nikaangushwa na ngazi za benki. Cheka, Koplo, usijibane. Mji mzima umeshacheka."

Maurin alicheka. Noëlle alichungulia plasta: chafu, imechakaa, ina saini za watoto zilizofifia. Mtu mwenye mguu huo hakupanda mlima wowote.

"Firmin alikukaba kwa sababu hakutaka kuuza."

"Nani kakwambia? Alinikaba kwa sababu ramani yangu ilimeza chemchemi ya ushirika, ile mnayotengenezea jibini. Tukahamisha waya, akatulia. Firmin ndiye aliyetaka kuuza, Sajini. Magoti yake yalikwisha. Alikuwa aje hapa kutia saini Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Baada ya hiyo Alhamisi yenu ya basi. Aimé ndiye aliyekuja badala yake. Akasimama hapo mlangoni, kofia hakuvua, akasema ndugu yangu kaenda Lyon, habari ya kuuza imekufa."

Maurin aliingia garini, akafunga mlango.

"Aimé," alisema. "Aimé huyu huyu, baba yako wa ubatizo?"

"Kwani wapo wangapi?"

*

Josette Pernat aliyetunza ghala la jibini la ushirika hakuacha kazi kwa ajili ya polisi. Alishusha gurudumu la jibini kutoka kwenye rafu, akalisugua kwa kitambaa cha maji ya chumvi, akaligeuza, akalirudisha, akashika lingine. Harufu ya amonia iliwachoma macho.

"Aimé? Hajakosa kuleta maziwa hata mara moja, asubuhi na jioni. Wengine wakipiga chafya tu wananiambia niwatumie gari."

"Na Alhamisi ile ndugu yake alipoondoka?"

"Alichelewa jioni. Lakini maziwa yalikuwa kamili, nilipima mwenyewe. Nikamwambia, Aimé, leo umekamua na miguu? Hakucheka."

"Jumamosi alishusha ng'ombe bila kengele. Pengine alichoka kuwavisha peke yake."

"Bila kengele? Nani muongo huyo?" Josette alinyoosha mgongo. "Walivaa zote. Hata Duchesse, yule malkia wao, alivaa ile kubwa ya kumtosha mtoto kuogea. Hazikulia tu. Nilidhani ni hasira, ndugu kamtoroka siku ya kushuka."

"Ndimi zake zilifungwa kamba?"

"Hapana, zilishindiliwa nyasi kavu. Zingine zilikuwa zinaning'inia nje." Alimwangalia Noëlle vizuri. "Mbona umebadilika hivyo? Mimi mtu wa tambarare, niliolewa huku. Mambo yenu ya mlimani siyajui."

Noëlle alishatoka. Maurin alimkuta anapekua mifuko ya vielelezo nyuma ya gari.

"Ng'ombe akifa kiangazi," Noëlle alisema, "malkia wa kundi hashuki na maua. Hiyo unaijua."

"Naijua."

"Mtu wa nyumba akifa, kengele zinavaliwa zote, lakini zinashindiliwa nyasi ili zisilie. Siku hizi hakuna anayekumbuka. Babu yangu alipokufa, mimi nilishika nyasi, Aimé alishindilia."

Maurin aligeuka akaitazama barabara. "Ina maana mji mzima uliona."

"Mvua ilikuwa inanyesha, mji mzima ulikuwa umeshaingia baa. Waliobaki barabarani ni Josette wa tambarare na mgeni wa Lyon. Mtu hashindilii kengele kwa ajili ya ndugu aliyepanda basi, Maurin."

*

Aimé Vuarand alikuwa amekaa bandani juu ya kigoda cha kukamulia. Mbele yake kengele zilipangwa kwa ukubwa, na kwa ndoano ya waya alikuwa anavuta nyasi kutoka matumboni mwa kengele hizo, moja baada ya nyingine. Ilibaki moja tu, ile ya Duchesse, na ndoano ilikuwa tayari mdomoni mwa kengele hiyo.

"Hiyo iache, Baba," Noëlle alisema.

Mzee aliiacha. Alikuwa na mikono mikubwa iliyopasuka, na kwa muda haikujua ikae wapi.

Noëlle alipiga magoti. Alichomoa jani moja tu, akalilinganisha na nyasi za ng'ombe waliokuwa wanakula nyuma yake.

"Nyasi za banda lako ni ndefu, za bondeni. Hizi ni fupi, zina vichwa vya arnika, ua la milimani. Zimeshindiliwa kule juu, kabla hujashuka. Jumamosi asubuhi ulikuwa unajua kuwa Firmin amekufa."

"Nyasi ni nyasi."

"Mwendesha mashtaka ana watu wanaozisoma." Aliingiza kengele nzima, na nyasi zake, ndani ya mfuko, akaufunga kwa uzi na kuupiga lakiri, akaandika jina lake na la Maurin. "Ungezishusha zikilia, Baba. Nani angejua?"

"Yeye," Aimé alisema.

Ng'ombe mmoja alikohoa. Maurin alisogea mlangoni.

"Yuko wapi?"

Mzee aliinama akaigeuza kengele ndogo iliyokuwa karibu naye.

"Kuna mtu kituoni. Yule mwanamke wa Lyon."

"Malaya wake." Sauti ya mzee ilipanda. "Anauza malisho ya baba na babu, waya zipite juu ya vichwa vya ng'ombe, ili akaishi na malaya!"

"Ni binti yake. Ana pua yenu hiyo hiyo."

Aimé aliigusa pua yake.

"Alisema anakwenda Lyon kwa mtu wake," alisema taratibu. "Sikumuuliza mtu gani. Tumekula meza moja maisha yetu yote na sikumuuliza."

"Nini kilitokea?"

"Tulikuwa tunarudisha ndama kutoka kwenye mashimo ya miamba kule juu. Akaniambia Ijumaa anatia saini. Nikamsukuma kifuani, kama tulivyosukumana tangu utotoni. Hakuwa na pa kukanyaga nyuma yake."

"Aliita?"

Aimé aliangalia mikono yake.

"Baba. Uliomba msaada?"

"Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa," mzee alisema.

Maurin alitoka nje, akasikika anatema mate. Noëlle alimfunga pingu.

"Nionyeshe shimo."

"Nitakuonyesha, kwa ajili ya huyo mtoto. Lakini saini sitii, mwanangu. Hapa nimesema na wewe. Mbele ya hakimu nitasema sikusema."

*

Gari liliwafikisha kwenye vibanda vya malisho. Kutoka hapo ni kwa miguu, kwenye uwanda wa mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kama jibini lililoliwa na panya. Mashimo hayakuhesabika. Mengine yangemeza buti, mengine kanisa. Maurin alibaki vibandani kuwangojea watu wa kikosi cha kamba, waokoaji walioitwa kwa redio, na kuwaongoza. Aimé alitangulia, mikono imefungwa mbele, hakuinua macho hata mara moja. Alisimama kwenye shimo lisilotofautiana na mengine.

"Hili."

Noëlle alilala kifudifudi, akashusha tochi kwa kamba. Mwanga ulizunguka kwenye ukuta wenye unyevu, ukapita ubapa wa jiwe, ukagusa mkono wa koti la buluu. Aliuacha hapo kidogo. Kisha akauvuta.

Alipoinuka, chembe ya kwanza ya theluji ilitua kwenye pingu za Aimé na haikuyeyuka.

Redio ilikwaruza. Kapteni Roussel, kutoka makao makuu bondeni.

"Bétemps, teremka. Nimeshamwambia mwendesha mashtaka unaleta mtuhumiwa na kielelezo. Mwili hauendi popote."

"Utakwenda, Kapteni. Theluji ikiziba hapa sitalijua shimo tena, na huyu hatasema mara ya pili."

"Hiyo ni amri."

"Nawangoja watu wa kamba."

Ukungu ulipanda kutoka chini wote kwa mara moja. Aimé, hatua tatu tu mbele yake, akawa kivuli. Kisha sauti ya Maurin, anahema.

"Sajini, tumefika kwenye msalaba wa mawe. Sioni hata mikono yangu. Jamaa mmoja kaingia shimoni hadi kiunoni. Kiongozi anasema anangoja kidogo tu, kisha anageuza watu wake. Piga filimbi."

Alipiga filimbi mpaka masikio yakauma.

"Tunaisikia kila upande! Mawe yanairudisha. Piga kitu kingine!"

Hakukuwa na kitu kingine. Bastola ingesikika vivyo hivyo, pande zote. Noëlle alivua begi mgongoni. Kielelezo hakimwachi aliyekifunga; kengele ya Duchesse ilikuwa humo, ndani ya mfuko wake, lakiri nyekundu juu. Wazee hawakuitengeneza kwa ajili ya sherehe. Waliitengeneza kwa ajili ya ukungu.

Aimé aliona anachofanya. "Usithubutu."

"Nyamaza, Baba."

"Wewe ndiye unyamaze ufikirie! Sijatia saini. Mwili peke yake ni mzee wa magoti mabovu kaanguka. Hiyo ndiyo inayosema kwamba nilijua. Ukikata lakiri hiyo, huna kesi. Nakwambia mimi, niliyemuua."

"Najua inasema nini."

"Basi teremka nayo!"

Noëlle alikata uzi kwa kisu. Aliingiza vidole mdomoni mwa kengele, akavuta. Nyasi zilitoka kwa mafungu, zimekandamana, bado zina harufu ya kiangazi, na upepo ukazichukua kabla hazijagusa mawe. Kichwa kimoja cha arnika kilinasa kwenye mkono wa koti lake, kisha nacho kikaondoka. Aliishika kengele kwa mikono yote miwili na kuitikisa.

Sauti yake ilimgonga kifuani.

"Bétemps!" Redio tena. "Hiyo ni nini? Bétemps, hicho si kielelezo?"

Alitikisa.

"Tunasikia!" Maurin alipiga kelele. "Hapana... imepotea. Inaruka ruka, Sajini, hatuifuati!"

Mabega yalishaanza kumwaka moto. Alitikisa kwa nguvu zaidi, na sauti ikazidi kuvurugika.

"Siyo hivyo," Aimé alisema. "Unaitikisa kama mtoto siku ya Krismasi. Ng'ombe hutembea." Alinyoosha mikono yenye pingu. "Nipe."

Walitazamana. Theluji ilikuwa imeshatanda mabegani mwa mzee.

Noëlle alimpa.

Aimé aliupitisha mshipi wa kengele shingoni mwake, akaanza kukanyaga palepale, mguu mmoja, mguu wa pili, polepole, mgongo umeinama, kama anayepanda kutoka mtoni. Kengele ikalia mara mbili, ikapumzika, ikalia mara mbili. Machozi yalimtiririka; mikono yenye pingu ilishika mshipi, hakuyafuta.

"Tunayo," Maurin alisema. "Kushoto kwetu. Tunakuja. Msinyamaze."

Hakunyamaza. Kofia ngumu ya kwanza ilipotokea kwenye weupe, hakunyamaza. Walipofunga kamba na mtu wa kwanza akashuka, bado alikuwa anakanyaga, hadi Noëlle alipoingiza mkono na kuushika ulimi wa kengele.

"Inatosha, Baba. Wamefika."

*

Nuru ilikuwa haijazimika waliposhusha machela kwenye uwanja wa chemchemi. Kapteni Roussel alikuwa amepanda kutoka bondeni, anangoja chini ya upenu wa kanisa. Alichukua mfuko mtupu uliokatwa, akaugeuza, akaona hakuna hata jani.

"Mwendesha mashtaka ameuliza kuhusu hiki," alisema. "Nimelazimika kumjibu. Kesho jalada linakwenda kwa mtu mwingine, na wewe utaandika maelezo yako kama shahidi, ukipata bahati. Mzee analala kwake usiku wa leo, hatuna cha kumshikilia. Unaelewa ulichofanya?"

"Naelewa, Kapteni."

"Kwa nini?"

Noëlle alishampita.

Agathe alisimama kando ya machela, amevaa buti za Josette zilizomzidi. Alikuwa amefungua turubai kidogo, upande wa kichwa, na kwa ncha za vidole alikuwa anatoa mchanga wa chokaa kwenye nyusi za baba yake. Alifanya kazi hiyo kama muuguzi, bila haraka. Hakugeuka.

"Ilikuwa imeshaanza?" aliuliza. "Theluji. Mlipomfikia."

"Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza."

"Alikuwa peke yake?"

Kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, nyuma ya kioo chenye mvuke, Aimé alikaa kofia mapajani. Mshipi wa kengele ulikuwa bado shingoni mwake. Hakuna aliyekumbuka kumvua.

"Hapana," Noëlle alisema. "Tulikuwa naye."